Ombi la Kumtafutia Bibi Yangu Kosa

Mheshimiwa Jaji Mkuu,
Mahakama ya Wilaya, Dolna Reka, Bulgaria.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mahakimu wako.

Mimi ni Sevda Asenova, mwanafunzi wa darasa la saba. Ninaishi na bibi yangu Minka katika mtaa wa sisi Waroma, ambao wengine hutuita Majipsi, ng'ambo ya reli. Mwalimu wa uraia ametufundisha kwamba mlango wa mahakama uko wazi kwa kila mtu. Tumeuona, ni mzuri. Malalamiko yetu yanaanzia ndani.

1. Manispaa ilibandika amri ukutani petu: nyumba itabomolewa, tuna siku kumi na nne za kukata rufaa. Tulifika kesho yake. Karani wako akaitafuta nyumba kwenye ramani, akaikosa. "Bibi, hapa ni uwanja mtupu. Huwezi kukata rufaa kwa nyumba ambayo haipo."
"Basi mwanangu, waambie wasijisumbue kuubomoa uwanja."
Tukaombwa tutoke.

2. Wakili wa bure wa maskini hupewa mwenye kitambulisho. Kitambulisho hupewa mwenye anwani, na anwani hupewa mwenye nyumba iliyomo kwenye ramani. Tungependa kumjua maskini huyo, tukamsalimie.

3. Jirani yetu Demir alirusha jiwe kwenye kioo cha baa timu yake ilipofungwa. Polisi walifika kwake moja kwa moja, bila ramani, wakamkamata, na siku hiyohiyo akapewa wakili. Bibi hajavunja hata kikombe cha mtu kwa miaka sabini na mmoja. Sasa tunaona alivyojichelewesha.

Kwa hiyo tunaomba orodha ya makosa madogo yanayomfaa mwanamke mwenye goti bovu, yasiyohitaji kukimbia. Demir amejitolea kumfundisha, lakini Bibi anamcheka: "Wewe si ulikamatwa? Utanifundisha nini?" Nimemweleza kwamba kukamatwa ndiko tunakokutafuta.

Zimebaki siku tano, nasi tunakutegemea.

Wasalimie makarani wote, na zaidi mlinzi aliyempisha Bibi kiti chake.

Mimi mwenye kukuheshimu,
Sevda Asenova

N.B. Orodha haihitajiki tena. Tingatinga halikungoja siku hizo tano, limekuja leo asubuhi, na Bibi amekaa mlangoni mpaka akakamatwa kwa kuzuia kazi ya manispaa. Amepata wakili, kijana mpole sana, anayesema atamtoa rumande ifikapo Ijumaa. Nimemwomba asiharakishe, kwa sababu huko Bibi ana pa kulala.