Nyumba Yenye Mimba

Utajiri ulimjia Osewe kanisani, ingawa si kwa njia ya maombi. Asubuhi moja ya mwaka 1995 alipita kwenye kanisa la mabati pale Gatwekera, Kibera, akamkuta jirani yake Nashon, mtu mzima mwenye watoto watatu, akikunja blanketi juu ya benchi.

"Umefukuzwa?"

"Nimetembelewa," Nashon akajibu, akijishika kiuno. "Mama ya bibi yangu amekuja kung'olewa jino."

Osewe hakuhitaji maelezo zaidi. Nyumba ya Gatwekera ni chumba kimoja na pazia, na kwa watu waliotoka kando ya ziwa, mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja hata inyeshe mvua ya mawe. Kwa hiyo mama mkwe akija Nairobi, lazima mtu aumie mgongo. Wengine walilitazama jambo hilo wakaona mila. Osewe aliona mlango wa biashara umeachwa wazi, naye hakuwa mtu wa kupita mlango wazi bila kuchungulia.

Akakodi nyumba ya mawe ya vyumba vitatu kule Gatina, Kawangware. Mwenye nyumba alikuwa mzee Gichuru, aliyeishi Limuru na kuja mjini kwa nadra. Osewe akapanga vitanda, akanunua blanketi za mtumba, akatundika picha ya Yesu katika kila chumba. Akina mama wakwe waliokuja Kibera wakawa wanakula na kulala huko kwa heshima, na wakwe wao wanalala kwao kwa raha. Ilikuwa kazi nzuri kweli. Tunalisema hili mapema, isije ikadhaniwa kwamba Osewe hakuwahi kujaribu uaminifu. Aliujaribu karibu mwaka mzima.

Kilichomharibu ni Agosti. Mwezi huo shule zinafungwa, mahindi yamevunwa, na mama mkwe aliye na nauli hakai nyumbani. Kufikia Juni wakwe wa Kibera walikuwa wameshalipia kila kitanda cha Agosti, na Osewe alikuwa ameshazila pesa zao. Akawa anawaza jinsi ya kuwapikia watu wote hao bila senti, ndipo Munyao alipokuja kurekebisha mlango.

Munyao aliuza mbao pale kituoni Kawangware 56. Mlango ulikuwa wa kazi ya nusu saa, lakini saa ya pili ilimkuta bado anaupapasa, macho yakiwa vitandani.

"Hizi vitanda hujaa?" akauliza.

"Wewe umeona kimoja kitupu?"

"Na mama mkwe akikataa kulipa?"

"Mama mkwe halipi, mzee. Mkwe ndiye hulipa. Na mkwe gani atabishana bei mbele ya mama ya bibi yake?"

Munyao akaiweka nyundo chini polepole. "Huwa wanakaa siku ngapi?"

"Hapo ndipo utamu uko. Mama mkwe haulizwi siku ya kurudi. Ukimuuliza, umemfukuza. Yeye anakaa, mkwe analipa, wewe unakunywa chai." Osewe akashusha pumzi. "Ningekuwa na namna, singeiuza."

"Unauza?"

"Baba ni mgonjwa huko Homa Bay. Mali ni nini mbele ya mzazi?"

Baba yake alikufa Osewe akiwa darasa la pili, kwa hiyo hangeweza kulalamika. Bei ilipotajwa, Munyao aliruka kama aliyekanyaga msumari wake mwenyewe.

"Hiyo ni bei ya nyumba mbili!"

"Ng'ombe mwenye mimba huuzwa bei ya ng'ombe mtupu? Hii nyumba ina mimba, Munyao. Agosti inazaa. Kila kitanda kina mtu wake."

"Na hao watalipa?"

"Hao ni watu wa kulipa hata kabla hujawauliza."

Katika mazungumzo yote yale, huo ndio uliokuwa ukweli mtupu, na ndio uliomponza Munyao zaidi.

"Nikiwaongezea bei kidogo?"

"Ongeza, baba. Nyumba ni yako."

Wakashikana mikono, wakanywa soda. Habari za Gichuru Osewe hakuzitaja, maana hakupenda kumchanganya mnunuzi.

Pesa akazishonea ndani ya godoro lake Gatwekera, mkewe Filister akiwa sokoni akiuza omena, dagaa wa ziwani. Ijumaa ya kwanza ya Agosti akaenda mjini kukata tiketi ya basi la usiku la Mombasa. Alikata ya mtu mmoja. Filister angeitwa baadaye, mambo yakitulia, ikiwa yangetulia. Kwamba alikuwa amemwahidi Filister kitanda cha dirishani kule Gatina, Agosti hiyo, kwa ajili ya mama yake, lilikuwa limemtoka kabisa. Ahadi kwa mke haina dipoziti.

Alirudi kuchukua mzigo. Mlangoni akakuta kikapu, kuku aliyefungwa miguu, na jozi ya viatu vya raba vya kike. Viatu alivijua. Alivinunua mwenyewe siku ya kupeleka mahari, ile sehemu ya kwanza na ya mwisho.

"Hodi," akasema, nje ya mlango wake mwenyewe.

Filister akatokeza kichwa. "Baba Hope, simama hapo hapo. Mama amejilaza."

"Amejilaza wapi?"

"Kitandani. Kitanda ni kimoja, unakijua."

"Filister! Mama halali kwa mkwe! Tutachekwa mpaka Homa Bay!"

Sauti nzito ikatoka nyuma ya pazia, ikielekezwa kwa binti, si kwake. "Mwambie kwa mkwe siwezi kulala. Kwa binti yangu nalala. Kodi ya hapa inalipwa na omena."



"Nilimpeleka Gatina," Filister akasema kwa upole. "Nikamkuta Munyao mlangoni, anawaambia akina mama kwamba wakwe wao walipe tena. Nyuma yake Gichuru, amekuja kudai kodi, anauliza Munyao ni nani. Geuka uwasalimie."

Akageuka. Munyao alikuwa amesimama uchochoroni, penseli sikioni, na nyuma yake Nashon na wakwe wengine, wamekunja mikono. Hakuna aliyemgusa. Huwezi kumpiga mtu huku mama mkwe wake anasikia.

"Jamani, pesa ziko," Osewe akasema. "Filister, nitolee tu hilo godoro nilianike."

"Jua limezama, Baba Hope."

"Lina kunguni!"

Kisha ile sauti ikasema, "Mwambie godoro ni zuri. Ila nikigeuka linalia kama gazeti."

Osewe aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na kati yake na kitanda kulikuwa na pazia tu. Lakini kumtoa mama mkwe kitandani kwa mkono ni jambo ambalo hata mwizi wa kuku halifanyi, na Osewe, kwa yote aliyoyafanya, alikuwa mtoto wa watu. Akabaki amesimama, akisikiliza mkasi ukikata uzi.

Filister akatoka na kifurushi cha pesa, akamrudishia Munyao pesa zake, ila fungu moja.

"Na hizo?" Munyao akauliza.

"Hizi ni za Agosti. Gichuru atapata kodi, na akina mama watalala na kula, maana walishalipiwa."

"Kwa pesa yangu?"

"Wewe si ulitaka walipiwe mara ya pili? Ndiyo hiyo."

Wakwe wakacheka. Munyao akafungua mdomo, pazia likakohoa, akaufunga.

"Filister," Osewe akanong'ona, tiketi ikilowa jasho mkononi. "Mama atarudi lini?"

Kabla Filister hajajibu, Munyao aliingilia, na huo ndio utamu pekee alioupata katika biashara ile.

"Haulizwi, mzee. Ukimuuliza, umemfukuza."

Kesho yake asubuhi, mchungaji alipofungua kanisa la mabati, alimkuta Osewe akikunja blanketi juu ya benchi.

"Ndugu Osewe! Umefukuzwa?"

Osewe akajishika kiuno. "Nimetembelewa," akasema.