Isale la Dada Mektrida

Jumatatu, 17 Novemba
Kitabu kimetoka! Mashairi arobaini, na jina langu jaladani: Aristides. Uzinduzi ni Jumamosi jioni, ukumbi mdogo hapa Moshi mjini. Kiti cha mbele katikati ni cha dada Mektrida wa Marangu. Tatizo, dada haongei nami. Krismasi ya mwaka juzi, ukoo wote ukiwa kihambani, kwenye shamba letu la urithi, nilisoma shairi la kumlinganisha na ng'ombe wake. Ng'ombe alishinda kwa uchangamfu. Watu walicheka mpaka wakamwaga pombe ya mbege. Dada hakucheka. Na ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanisomesha kwa kuuza maziwa. Asipokuja sitaweza kusoma hata ubeti. Victoria, mke wangu, anasema niende tu nikaombe radhi. Mimi? Mshairi? Nina mbinu.

Jumanne, 18 Novemba
Nimempelekea dada ujumbe kwamba naumwa sana. Aje kuniuguza, nimpe kadi ya mwaliko mkononi. Saa saba umefika mtori wa ndizi, ndoo nzima, umeletwa na jirani yake aliyeshuka sokoni. Dada mwenyewe hakuja. Ameagiza niule ukiwa wa moto. Nimekula bakuli tatu, machozi yakanitoka. Pilipili, nikamwambia Victoria. Akaonja. Haukuwa na pilipili.

Alhamisi, 20 Novemba
Sirili wa mtaa wa Soweto hapa Moshi, mshairi mwenzangu, anaringa tangu uzinduzi wake ujaze watu arobaini. Ila leo kanifaa: kanikumbusha isale, mmea wetu wa kuombea msamaha. Nilisahauje! Mchagga akiletewa jani la isale hawezi kukataa kusamehe. Na raha yake, jani linaomba lenyewe, mimi nanyamaza. Kesho napanda Marangu.

Ijumaa, 21 Novemba
Balaa! Nimefika kwa dada mikono mitupu. Nikayaona masale yamejipanga vizuri, pale kipande chake cha kihamba kinapopakana na changu. Nikang'oa moja na mizizi yake, kwa heshima zaidi. Likapigwa yowe! Dada katokea migombani na panga. Kila mtoto wa huku anajua kwamba masale hayo ndiyo mpaka, na baba aliyapanda kwa mkono wake. Hata mimi najua, jamani, mawazo yalikuwa kwenye mashairi. Akalia kwamba sikutosheka kumdhihaki, sasa nang'oa mpaka nimnyang'anye shamba. Nilitaka kueleza. Miguu ilishatangulia. Isale nimeliacha chini, pamoja na kadi ya mwaliko na kiatu kimoja.

Jumamosi, 22 Novemba
Watu thelathini na tisa. Sirili kahesabu mara mbili. Kiti cha katikati kitupu. Nikafungua kitabu, nikakifunga. Basi nikasema mbele ya wote: nilimuumiza dada yangu, nikafanya hila badala ya kuomba radhi, na ninampenda. Nikalia kama mtoto. Sauti mlangoni ikaniambia niache kulia, nije nichukue kiatu changu. Dada! Gauni la Jumapili, kiatu mkono huu, isale mkono ule. Akasema aliliokota, akalitazama sana, akaelewa lilikuwa linaletwa kwake. Na isale halikataliwi, hata likiwa la wizi. Akakaa katikati. Mtu wa arobaini! Sirili kanuna.

Jumapili, 23 Novemba
Nimemrudisha dada Marangu. Tumelipanda isale palepale lilipokuwa, sote magoti chini. Akanishika kichwa kama zamani, akaniambia nisirudie tena kumfanya kichekesho cha ukoo. Nikaapa. Nilimaanisha kabisa. Ila wakati wa kushuka nikamkumbuka juzi ile, alivyonitimulia mbio na panga, kitambaa kimemwangukia machoni, ng'ombe naye nyuma yake akidhani ni saa ya majani. Mpaka nafika Moshi, beti sita. Tamu! Nitazisoma Krismasi, ukoo wote ukiwepo. Victoria amenitazama kwa huruma. Asihofu. Safari hii nimejiandaa: kabla ya kuondoka nimeyahesabu masale ya dada. Yapo thelathini na moja.