Siku Alimasi wa Rumonge Alipoinuka Kitini

Tegeni masikio, enyi wakamuaji wa mawese wa Kizuka, nanyi wavuvi wa Magara mnaoanika ndagala mchangani. Wekeni chini mizani na vikombe, niwasimulie jinsi Alimasi bin Uledi, simba wa maduka ya Rumonge, mwenye kofia ya darizi na tumbo la heshima, alivyoinuka kitini katika mwaka wa pili wa Uhuru.

Shujaa huyu alikuwa mbunge, na tangu achaguliwe kazi yake kubwa ilikuwa kukaa. Alizikalia hotuba za barabara, akazikalia za kahawa, hata habari zikamfikia mama mkwe wake, Mama Mwasiti wa Magara, malkia wa wauza samaki. Mama hakusema na mkwe, maana si desturi. Alimtuma bintiye Zuwena, mke wa shujaa, naye akayafikisha maneno bila kuyapunguza makali.

"Mama anasema alikupa mutoto wake akijua wewe iko mwanaume. Sasa anasikia kule Bujumbura unakaa tu. Atakuja kuona na macho yake."

Yalimchoma kuliko mkuki. Usiku ule Alimasi alishindwa kumaliza ugali.

Sheria iliyokuwa mezani ilikuwa ya anga. Mataifa makubwa yalikuwa na baraza lao la kugawana njia za ndege, lenye viti vichache, na mataifa mapya yakaachwa mlangoni. Bunge lilitakiwa kuunga mkono viti viongezwe, Burundi nayo iketi. Rumonge haikuwa na ndege hata moja, lakini Alimasi aliapa mbele ya duka lake, "Ndege zinapita juu ya mawese yetu bila hodi. Nitasimama, ndugu zangu, hata magoti yakikataa."

Siku ya kura kule Bujumbura utaratibu ulikuwa hivi: anayekubali asimame, anayekataa abaki kitini. Shujaa alikwisha kushika meza kwa mikono miwili, mlango wa wageni ulipofunguka akaingia Mama Mwasiti. Akaketi mbele kabisa, ana kwa ana naye, akavuta kitenge usoni kwa heshima na kuacha jicho moja la kuhakikisha.

Ole wa simba! Kwa watu wake, mwanaume hamwonyeshi mama mkwe uso. Akimwona njiani hukwepa kichakani. Ukumbini hakuna kichaka. Alimasi akaporomoka chini ya meza kama gunia la chumvi.

Mwenyekiti, Bwana Modeste, akahesabu, akarudia kuhesabu, akatangaza kwamba kura zimelingana. Kisha akainama kuchungulia.

"Mheshimiwa Alimasi, unakaa ao unasimama?"

Kule chini kulikuwa na vita. Akibaki, sheria inaanguka na mama anarudi Magara na habari zake. Akiinuka, amemvunjia heshima mbele ya taifa zima. Alimwonea uchungu Zuwena, atakayeishi na aibu yoyote kati ya hizo mbili. Ndipo mkono wake ulipogusa waraka wa sheria yenyewe, mpana, wa Kifaransa, ambao hakuwahi kuusoma. Akaufungua, akajifunika uso kuanzia kofia hadi kidevu, akaanza kupanda. Meza ikalia, kiti kikaanguka nyuma yake, naye akapanda tu, hata akawa wima.

"Mimi hapa," ikasema sauti nyuma ya karatasi. "Nimesimama. Watuongezee viti."

Sheria ikapita kwa kura moja. Alimasi hakushusha karatasi mpaka alipoambiwa mama ametoka.

Huko Magara wauza ndagala walimzunguka Mama Mwasiti wakitaka habari. Akawajibu taratibu, akifungua kitenge chake.

"Mukwe wangu amesimama. Na uso wake sikuuona."

Kesho yake kikapu cha mukeke, samaki wa heshima ziwani, kilifika Rumonge, cha kwanza tangu harusi, nacho kikashushwa mlango wa nyuma kama inavyotakiwa. Basi na ikumbukwe, enyi watu wa ziwa, vizazi hata vizazi, kwamba kiti cha taifa angani kilidaiwa na mtu aliyeangusha chake. Naye Alimasi aliwala samaki wale akiwa amesimama.