Ua Lenye Pindo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kwako daftari. Salamu nyingi sana. Mimi nilifika darasa la nne, tukafundishwa kuandika barua, kisha nikatolewa shule. Kwa hiyo sijui kuandika bila kusalimia. Mzee wangu hajambo, ila goti. Mama mkwe hajambo, hasikii lakini anakula. Binti yangu mkubwa aliyeolewa hajambo, na watoto wake pacha hawajambo, kikohozi kimeisha. Kitinda mimba wangu hajambo, yuko kazini, anakusalimu ingawa hajui kama upo. Paka hajambo. Cherehani haijambo, nimeitia mafuta jana. Hofu ni kwako wewe tu, na ukurasa wako wa mwisho uliong'olewa.

Baada ya salamu, nina siri. Maua!

Kitinda anafanya kazi kwenye ofisi ya mimea, kule wanakotunza majani makavu kabatini kama mashuka ya wageni. Ni kibarua cha muda. Mwisho wa mwezi wanaandika mtu mmoja wa kudumu. Mmoja tu, na vibarua ni wawili. Kitinda amenipa simu yake ya zamani na kuniingiza kwenye kundi la watu wanaotumiana picha za maua ya porini. Ati nipate cha kutazama, niache kumpigia kila saa kumuuliza kama amekula. Mkubwa wa kundi ni bosi wake, Daktari. Si wa sindano, wa mimea.

Basi kuna ukoo mmoja wa maua umeniteka. Moja tumbo limevimba kama mkono wa puto wa gauni la harusi, na mishipa yake kama mshono unaoonekana kwa nje. Jingine linakaa juu kabisa mlimani, kwenye mawe na baridi, limelala chini kama godoro la rangi ya waridi. Jingine limeinamisha kichwa, ncha zimechambuka kama pindo lililofumuka. Jingine shina lina gundi. Nzi akitua, ameshaposwa. Yote yana vipande vitano, lakini kila kipande kimechanwa katikati, ukihesabu haraka unapata kumi. Nilihesabu mara nne.

Nikamuuliza Kitinda jina. Akasema Sileni, mimi nikasikia msile. Nikamwambia hakuna aliyesema anataka kula, mimi nauliza jina. Akasema mama, ndilo jina, linaandikwa Silene. Mzee alicheka hadi akashika goti.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dada wa Buti! Huyo ndiye kibarua mwenzake Kitinda. Leo ametuma kwenye kundi picha tisa. Yeye na buti zake juu ya jabali, yeye na buti zake karibu na ua. Daktari akamwandikia: safi sana, wewe una jicho. Jicho! Mtoto wangu ana macho mawili na hasifiwi. Yeye kazi yake ni ya ndani, kubandika majani kwenye karatasi. Nani atampiga picha akibandika?

Saa saba mchana nikafanya jambo. Nimeona mtandaoni, kwenye ukurasa wa watu wa mbali, silene moja ya ajabu. Fupi, ya waridi, tumbo lina mistari myekundu kama kitambaa cha godoro. Nikaikata picha kwa kidole kama Kitinda alivyonifundisha kukata picha za pacha. Nikaituma kwenye kundi letu. Nikaandika: Limeonwa na binti yangu juu ya kilima, nyuma ya tangi la maji, ila ana haya kusema.

Nikazima simu na kuiweka kwenye pipa la mchele.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Yesu na Maria na malaika wote! Kitinda amerudi anakimbia. Daktari amemshika mikono yote miwili mbele ya ofisi nzima. Amesema ua hilo halijawahi kuandikwa nchi hii, yeye mwenyewe amezunguka milima miaka thelathini na minane akitafuta ndugu yake wa karibu. Kitinda aliduwaa, hakusema ndiyo wala hapana. Daktari akadhani ni adabu.

Kitinda akanikalisha chini. Akaniuliza mama, ua ulilituma wewe? Nikasema mimi. Umeliona kweli? Nikasema nimeliona. Kwa macho yako? Nikasema kwa macho yangu haya mawili. Na si uongo! Nililiona. Hakuuliza lilikuwa wapi.

Akanikumbatia. Akalia kidogo begani kwangu. Akasema basi tutamwambia Daktari kuwa aliyeliona ni wewe, mimi sitaki sifa ya mama yangu. Nikamwambia thubutu, nilikuonea huruma ukiwa tumboni, nitakuonea hata leo, sifa chukua. Mtoto mwema namna hii, na mimi nampaka matope.

Daktari anakuja Jumamosi kuliona.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nilitaka kukiri asubuhi. Kitinda alikuwa anaimba akipiga pasi. Nikashindwa.

Nikafikiri hivi: kazi yangu ni nini? Kushona. Na ua ni nini? Ni gauni dogo. Tumbo, mkono wa puto. Vipande vitano, sketi ya rinda iliyochanwa. Nikatoa masazo ya bitana ya waridi, nikakata, nikashona kwa mkono na sindano ndogo kuliko zote. Mistari myekundu nikaipiga kwa uzi mmoja mmoja. Shina ni waya niliouviringishia kitambaa cha kijani. Maua matatu. Daftari, wewe ni siri yangu: yalipendeza! Moja nililiweka karibu na dirisha, nyuki akalijia. Akaondoka amekasirika, lakini alikuja.

Mzee akaingia. Akauliza nguo ya nani ndogo hivyo. Nikasema ya mwanasesere wa pacha. Akasema mwanasesere gani ana kiuno kimoja na miguu haipo. Nikamwambia akapumzishe goti.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Naona aibu hata mbele yako, na wewe ni karatasi.

Asubuhi na mapema nilipanda kilimani, nikayachomeka matatu katikati ya mawe, nikayapaka vumbi. Nikaenda pembeni kufunga viatu. Kugeuka, mbuzi wa mtu analitafuna moja! Nikapiga kelele: sileni, sileni! Ndiyo kwanza nikaona jina lina maana. Alilimeza na waya wake. Alikohoa akaendelea na maisha yake.

Saa tatu wakafika. Daktari, mzee mwembamba mwenye kofia ya nguo. Dada wa Buti nyuma yake amebeba maji na vitabu. Kitinda amevaa koti lake la usaili, nililomshonea mwenyewe. Njia nzima Daktari alikuwa ananieleza kuwa asubuhi amempigia simu mkewe, aliye safarini, amwambie. Mkewe alikata tamaa na milima zamani, alisema. Lakini leo alisikiliza mpaka mwisho.

Alipoyaona kwa mbali alivua kofia. Akapiga magoti kwenye mawe, mtu wa umri ule. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akainama mpaka pua ikagusa majani. Nikaomba Mungu anipe mvua.

Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema pole pole, bila kunitazama:

"Mama. Hili ua lina pindo."

Lina pindo! Daftari, nilikuwa nimeyapinda. Kila kipande, ncha zote. Fundi gani anaacha kitambaa bila pindo? Kitanyambuka! Mkono ulipinda wenyewe, mimi sikuuambia.

Kitinda akasogea. Akalitazama. Akafunua koti lake, akatazama ndani. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Hii ni bitana yangu." Hakusema mama. Tangu azaliwe hajawahi kuniambia neno bila kuanza na mama.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Dada wa Buti, yule niliyemsema, alimshika Daktari mkono akamwinua, akampa maji, akampangusa magoti. Nikasema ni mimi, mtoto hajui lolote, picha nimeiba, ua nimeshona, mnipige mimi. Daktari akavaa kofia. Akasema hakuna anayempiga mtu, mama, twende tu jua linachoma. Kuteremka kulikuwa kurefu kuliko kupanda. Nilisikia akinong'ona kuwa itabidi ampigie mkewe tena.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kitinda hasemi nami. Chumvi ananipitishia kwa mama mkwe, ambaye hasikii, hivyo chumvi haifiki. Mzee alijaribu kunitetea. Alisema mama yako ana moyo. Kitinda akajibu moyo anao baba, breki ndiyo hana.

Nimefua. Nimefua hata vilivyo safi.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimekwenda ofisini kuomba radhi. Sikumwambia Kitinda, alikuwa ametumwa nje. Chumba kirefu, kabati baada ya kabati, harufu ya nyasi kavu na dawa ya nondo. Daktari alikuwa anatazama karatasi kubwa yenye mmea mkavu. Na mmea umeshikizwa kwa nini? Kwa uzi! Wameushona kwenye karatasi. Nikasahau kilichonileta. Nikamwambia huyu aliyeshona hapa kavuta uzi mno, shina litakatika, na fundo kaliweka juu badala ya chini. Akatazama. Akasema huo aliushona yeye, mwaka wake wa kwanza kazini. Nikatamani kabati moja linifungukie niingie.

Kisha nikaomba radhi. Nilikuwa nimejipangia maneno, yakatoka mawili tu: nisamehe, baba. Akasema amesamehe. Akasema kilichomuuma si ua, ni kwamba kwa siku mbili alijiona kijana.

Nikauliza habari ya Kitinda. Akapanga kalamu zake. Akasema jina la binti yangu lilikuwa la kwanza kwenye orodha tangu mwezi uliopita. Kwa kazi yake ya ndani. Kwa kubandika. Halikuhitaji ua lolote. Lakini alikuwa ameshawaandikia wakubwa barua kuhusu ugunduzi wa binti huyu, na sasa ameandika nyingine ya kuifuta, na wakubwa wakisoma barua mbili za namna hiyo hawamwajiri mtu wa kudumu. Nafasi ya kudumu wameshampa Dada wa Buti, hawakungoja mwisho wa mwezi. Kitinda ameongezewa miezi sita ya kutazamwa, na hiyo amempigania.

Lilikuwa la kwanza! Nimerudi nyumbani kwa miguu, nimepita kituo changu cha basi bila kujua.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kitinda amejua nilikwenda. Alikaa karibu nami kwenye mkeka. Kisha akasema, "Mama." Nikalia kama mtoto. Akasema amenisamehe lakini niahidi: nisitume picha, nisishone kitu chenye jani, nisimsaidie. Hasa nisimsaidie. Miezi sita tu, mama, uniache nifanye kazi. Nikaapa. Nikaapa kwa pacha.

Akaniachia simu. Alisema kutazama nitazame.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Nimetazama tu. Sikutuma picha, sikushona. Kiapo kiko palepale.

Ila katika kutazama nimeona ukurasa wa bwana mmoja wa mbali, anakaa milimani, ana bustani ya mawe mlangoni kwake. Na ile silene anayo! Ile ile, tumbo la mistari. Anasema huwapelekea wapenzi wa maua mbegu kwa posta.

Nikafikiri sana. Kosa langu lilikuwa nini hasa? Uzi. Daktari aliona uzi. Mbegu haina uzi. Likiota, litakuwa limeota kweli, juu ya kilima, nyuma ya tangi la maji, na atakayeliona atakuwa ameliona. Huko si kumsaidia mtoto, ni kulima. Nami kulima sikuapia. Yule mzee mkewe atasikiliza tena mpaka mwisho. Na miezi sita ni mingi kwa mbegu.

Nimemwandikia hivi, simu imegeuza kwa lugha yake:

Kwako bwana wa mbegu, salamu nyingi, wa kwako wote hawajambo? Sisi hatujambo. Naomba mbegu za silene yako ya mistari, kiganja kimoja. Tafadhali bahasha usiandike maua, andika vifungo. Nijibu upesi sana, na unijibu mchana, mwanangu akiwa kazini.