Kunguru wa Saa Nne

Jumamosi, 6 Septemba

Nimejiponza. Kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu kumi na mmoja na chupa mbili za chai!

Ilikuwa siku ya kikundi chetu cha wasomaji hapa Nkubu, katika kile chumba cha nyuma ya kanisa. Mwalimu Maxine, mwenyekiti wetu, aliyefundisha Bayolojia mpaka akastaafu, alikuja na kitabu alicholetewa na binti yake kutoka ng'ambo. Kinahusu kunguru na jinsi binadamu anavyouhisi wakati. Akatueleza kwamba mtu akingoja, saa moja huwa ndefu kama mchana mzima. Kunguru hangoji, huja tu. Watu wakanyamaza. Hata vikombe vilinyamaza.

Halafu Mbaabu akainua mkono. Huyu ana duka la dawa za mifugo, na kofia ya kijani ambayo huivua wakati wa maombi tu. Mimi ni mtu wa Runyenjes, nimekaa Nkubu miaka ishirini na miwili, lakini Mbaabu bado huniita mgeni. Akasema yeye ameshasoma vitabu viwili vya ndege. Viwili! Sikuvumilia. Nikasema mimi sisomi habari za kunguru, ninaziandika. Nina kitabu changu cha kunguru na wakati. Mwaka wa tatu sasa.

Mwalimu Maxine akapiga makofi. Akasema ni bahati kubwa, maana Jumamosi ijayo tunatembelewa na Wawira, mhariri wa kampuni ndogo ya vitabu kule Embu, anayetafuta maandishi ya watu wa huku. Nitamsomea sura ya kwanza. Mbaabu akasema atakuwa na maswali mawili tu.

Sina sura. Sina hata sentensi. Kunguru ninawajua kwa mbali, kama majirani wa barabara ya pili.

Jumapili, 7 Septemba

Nimemweleza mke wangu, Karambu. Akauliza maandishi ya miaka mitatu yako wapi. Nikasema yako kichwani. Alicheka mpaka akatua sufuria ya githeri chini. Kisha akaanza kusema kwamba kunguru wa hapa huja saa... Nikamkatiza. Nikamwambia hii ni kazi ya uchunguzi, si maneno ya jikoni. Akaendelea kucheka kwa mabega.

Nikaketi kwenye kigoda nyuma ya banda la kuku, saa tisa hadi saa kumi na mbili. Kunguru: hakuna. Njiwa: wawili. Siafu: wengi, ndani ya soksi.

Lakini nimegundua jambo! Saa moja ya kumngoja kunguru ina dakika mia moja na themanini. Nimeliandika. Ndiyo sentensi ya kwanza ya kitabu. Nikajisomea mara nne. Mimi ni mtu hatari.

Jumatatu, 8 Septemba

Mpango kamili umepatikana. Nitawafundisha kunguru kuja kwangu saa kumi kamili kila siku. Kufikia Jumamosi watakuwa wameshika saa, kisha namleta Wawira uani, ninatazama saa yangu, ninasema, "Sasa." Nao wanatua. Nimechagua saa kumi kwa sababu ndipo ninapoweza kutoroka ofisini. Mimi ni karani wa masjala. Faili hazikimbii.

Nilipotumwa Meru mjini asubuhi nikapitia mtaa wa Majengo, kwa muuza nyama mmoja, nikaomba mabaki ya matumbo. Akauliza nina mbwa wangapi. Nikasema ni ya kitabu. Akanipa ya ziada, kwa huruma.

Saa kumi kamili nikayapanga juu ya mabati ya banda. Saa kumi na dakika tano akaja paka. Saa kumi na dakika kumi akaja paka mwingine, rafiki yake. Hakuna kilichobaki. Nimeandika: "Wakati ni paka." Kisha nimeikata sentensi hiyo.

Jumanne, 9 Septemba

Ofisini nimesema naenda kwa daktari wa meno. Nikafika nyumbani saa nne, ili nijifiche mapema kabla ya saa kumi.

Kunguru walikuwa wameshafika! Wawili, weusi, wenye fulana nyeupe kifuani. Mmoja alikuwa na kifaranga mdomoni. Kifaranga wa Karambu! Nikasahau uchunguzi wote, nikavua kandambili nikarusha. Ikatua juu ya mabati. Bado iko huko. Kunguru akapanda mgomba, akanitazama kwa jicho moja, kisha akageuka akanitazama kwa la pili. Sikupenda.

Jumatano, 10 Septemba

Wananijua! Nimefungua geti asubuhi, wanne wako kwenye waya wa stima. Kelele. Nikatembea, wakanifuata. Mmoja akanipiga ubawa kisogoni mbele ya duka la Mbaabu, kukiwa na wateja. Mbaabu akatoka nje na kuuliza kama hao ndio wasomaji wangu. Akashangaa kwamba baada ya miaka mitatu bado hatujasalimiana vizuri.

Leo ndiyo zamu yangu ya kitabu cha Mwalimu Maxine. Sura ya pili inasema wazi: kunguru hasahau uso wa aliyemkosea. Kwa nini jambo kama hilo huwekwa sura ya pili?

Jumla ya kitabu changu mpaka sasa: sentensi moja.

Alhamisi, 11 Septemba

Adui wa kunguru anaweza kuwa mtu yeyote. Kwa nini awe mimi?

Nimenunua kofia ya kijani, sawasawa na ya Mbaabu. Nia yangu: nivae kofia, nirushe vijiti na matusi, kunguru waichukie kofia. Jumamosi Mbaabu akija na maswali yake mawili, wamshukie barabarani.

Ofisini nimesema jino limezidi. Saa nne nilikuwa uani, kofia machoni, ninarusha. Kunguru hawakuitazama kofia. Walitazama chini yake. Wakanifukuza mpaka barabarani, na nani alikuwa anapita? Mbaabu, kwa pikipiki. Akasimama. Akaitazama kofia yangu, akagusa yake. Akatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. Alasiri soko zima lilikuwa na habari kwamba Gachoki wa Runyenjes sasa anavaa kama Mbaabu kwa sababu anamheshimu.

Ningeumwa na siafu tena kwa furaha.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeokoka!

Ofisini nimesema ninaumwa. Karambu alikuwa amekwenda kumtazama mama yake. Nikitafuta karatasi, nikafunga mlango wa jikoni, na nyuma yake nikakuta kalenda tatu, moja juu ya nyingine. Miaka mitatu. Kalenda za duka la Mbaabu, zenye picha ya ng'ombe, lakini hilo tuliache. Karibu kila kiboksi kina maandishi ya penseli. Mwandiko wa Karambu. "Kunguru saa nne. Kifaranga mmoja." "Kunguru saa nne na robo." Wiki baada ya wiki!

Amekaa nayo miaka mitatu bila kuniambia. Au aliniambia. Sikumbuki.

Nimenakili tangu asubuhi hadi saa kumi na moja, neno kwa neno, kurasa thelathini. Sikusoma, anayesoma huchelewa. Juu nimeandika: Kunguru na Wakati, na S. M. Gachoki. Karambu aliporudi aliviona vidole vyangu vyenye wino. Akauliza kama kitabu kinaendelea. Nikasema kimekwisha. Akasema hongera, na kesho atakuja kunisikiliza, tena atachemsha mayai ya chai.

Hilo sikulipanga. Lakini mtu hawezi kukumbuka alichoandika kwenye kalenda.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike upesi kabla sijapunguza chochote.

Chumba kilijaa. Wawira ni msichana mtulivu mwenye daftari. Karambu nyuma, karibu na beseni la mayai. Nikasimama, nikakohoa, nikasoma.

"Kunguru saa nne. Mwanangu Rwamba amepiga simu kutoka chuoni. Dakika tatu. Zilikuwa fupi." Wawira akaandika kitu. Nikapata nguvu.

"Mama amelazwa. Nimekaa benchi la hospitali nikadhani jioni imefika. Nikatoka nje, kunguru wanatua kwenye jalala. Kumbe ni saa nne tu."

Kimya kile kile cha wiki iliyopita, na safari hii kilikuwa changu! Nikapaza sauti.

"Mume wangu amesema banda la kuku atalitengeneza kesho. Hii ni kesho ya kumi na nne. Kunguru wamezoea."

Sauti ilikuwa imeshatoka. Nilijaribu kuirudisha kwa kukohoa.

Mbaabu akainua mkono. "Swali la kwanza. Bwana Gachoki, huyo mume wako ni nani?"

Hakuhitaji la pili. Watu walicheka mpaka yai likaanguka. Mwalimu Maxine alijificha nyuma ya kitabu chake cha ng'ambo. Mimi nilikuwa natafuta mlango, na mlango ulikuwa nyuma ya Karambu. Alikuwa amesimama.

"Endelea, Baba Rwamba," akasema. "Soma ile ya Juni."

Nikaitafuta. Nikasoma. "Mama ametoka hospitalini leo. Nimetazama saa mara moja tu. Kunguru wamechukua kifaranga. Wachukue."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Maxine akafuta miwani kwa upindo wa kitenge. Wawira akauliza, kwa upole, maandishi haya ni ya nani. Nikasema. Nilisema ukweli! Ilinibidi kusema mara mbili, mara ya kwanza haikusikika. Wawira akamwendea Karambu, wakakaa pamoja saa nzima, na Jumanne atakuja kuzichukua kalenda zenyewe. Anataka kutengeneza kitabu. Mbaabu anawaambia watu karatasi ni yake.

Tukarudi kwa miguu. Kunguru watatu walinifuata, Karambu hawakumgusa. Nilimwomba msamaha. Akasema ningeomba angenipa. Akatembea kidogo, kisha akasema miaka mitatu alidhani hakuna anayesoma mlango wa jikoni. Nikambebea beseni. Nimeona aibu ya kweli, na ninaandika hapa ili nisisahau: mimi, S. M. Gachoki, sitachukua tena kazi ya mtu wala kujisifia nisichokifanya.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefikiri. Kitabu kitasomwa Embu, Meru, pengine mpaka Nairobi. Na ndani yake mimi ni mtu wa banda la kesho tu. Si haki. Wasomaji wanastahili picha kamili.

Karambu ameenda sokoni. Nimezishusha kalenda, nikatafuta viboksi vitupu. "Leo mume wangu amenisaidia sana." "Mume wangu amefukuza kunguru kumi peke yake." "Jinsi mume wangu anavyojua habari za ndege!" Penseli sikuiona, nikatumia biki nyekundu. Nani huangalia rangi?

Kalenda ya mwaka huu ilikuwa na nafasi nyingi mno kuanzia kesho. Nimezijaza zote. Mume wa Karambu amekuwa mtu mzuri ajabu, kila siku, mpaka Krismasi.

Wawira anakuja kesho asubuhi. Ninamngoja kwa hamu.