Kuzipumzisha Springi za Magazini

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu amerudi na sura ya mtu aliyekanyaga msumari. Nikamwacha ale kwanza, maana akiwa na njaa hunijibu upuuzi. Baadaye akaeleza. Pale kampuni ya ulinzi kuna msimamizi mpya. Ijumaa ya wiki ijayo atakagua stoo ya silaha, na mtunzaji wa stoo ni mwanangu. Kila magazini itapelekwa uwanja wa shabaha, risasi zake zipigwe kuijaribu. Risasi zikikwama, mtunzaji anarudi getini, lindo la usiku.

Lindo la usiku! Kwa kifua kile! Miaka yote ya getini alikohoa mpaka majirani wakawa wananipa pole mimi. Tangu apewe stoo, kazi ya mchana, ndani ya kuta nne, hajakohoa. Mkewe naye sasa ana mume wa kuonekana.

Nikauliza magazini ndiyo nini. Akanichorea mezani kwa kidole chenye maji. Kibati kirefu. Risasi zimepangwa humo moja juu ya nyingine, chini yake springi inazisukuma ziingie kwenye bunduki. Nikauliza hukaa humo muda gani. Akasema alizikuta zimejazwa na hajazitoa.

Yaani springi imebanwa muda wote huo! Nimefua nguo za watu maisha yangu yote nimeinama kwenye beseni. Kubanwa nakujua.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwa kinyozi wa pale kona. Alikuwa askari kabla ya kushika mashine ya kunyolea, na hachoki kutukumbusha. Sikwenda kuuliza. Nilikwenda kumwarifu kwamba springi za mwanangu zimechoka kwa kubanwa. Akazima mashine, mteja kabaki na nusu ya kichwa.

"Bibi, springi nzuri haichoki kwa kukaa imebanwa," akasema. "Inachoka kwa kupanda na kushuka. Mwambie azifute vumbi tu, halafu aziache zilivyo."

Nikamuuliza, kwa hiyo mimi nikiinama mwaka mzima nitainuka mzima? Akasema mimi si springi. Wateja wakacheka. Nimeondoka bila kuaga.

Nasikia huko jeshini alikuwa jikoni.

Jumatano, 5 Machi

Mpango tayari. Jioni, kabla ya kufunga stoo, mwanangu atatoa risasi zote ili springi zilale zimenyooka. Asubuhi anajaza upya. Na kila springi ipate mafuta ya cherehani. Nimeomba kichupa kwa fundi wa mtaani. Mwanangu akaanza kusema kinyozi amesema. Nikamuuliza nani alimbeba tumboni, mimi au kinyozi.

Mkwe wangu akaguna huko jikoni. Nimesikia.

Ijumaa, 7 Machi

Vidole gumba vya mwanangu vimevimba. Kumbe kujaza magazini si mchezo, springi inakataa. Nikafurahi. Inakataa kwa sababu inapata nguvu.

Mkwe wangu anamkanda mumewe kwa maji ya moto huku macho yako kwangu. Akasema taratibu, "Mama, kama zilikuwa hazijaharibika, tunatengeneza nini?"

Ana adabu huyu mtoto, lakini ana maneno. Nikamwambia chakula hakina chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda uani na kapu la vibanio vya nguo. Nimewaza sana. Kibanio nacho kina springi. Kuna kimoja kimebana mwisho wa kamba ya kuanikia, pale kwenye fundo, tangu marehemu mume wangu aifunge hiyo kamba. Hakuna anayekigusa. Leo nikakibandua nikione. Kikanibana kidole nikamtaja mama yangu. Hivi vingine, ninavyovifungua na kuvibana kila siku ya Mungu, havishiki hata leso.

Nikakaa na vibanio viwili mapajani, kile kikali na kimoja kilicholegea. Marehemu naye alikuwa hivyo. Akishika neno, ameshika. Hakulilegeza, hakulikaza. Mimi ndiye wa kuinuka na kukaa, kugomba na kupatana, kufunga mizigo na kuifungua. Alikufa magoti yake mazima. Yangu yanalia kama bawaba.

Nikakaribia kumpa kinyozi haki yake. Nilibakiza kidogo tu.

Ndipo nikaelewa. Kibanio kikali alikinunua marehemu, na marehemu hakununua takataka. Hivi vilivyolegea nilinunua mwenyewe kwa mchuuzi mwongo. Ni ubora wa mali tu. Nimekirudisha kwenye fundo lake. Mpango unaendelea.

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu analalamika. Stoo ina vumbi, na vumbi linanasa kwenye mafuta. Nikamwambia aongeze mafuta, vumbi liteleze. Akachukua kichupa akaondoka. Hakubisha. Tangu mdogo hakuwa mtoto wa kubisha, na leo, sijui kwa nini, hilo halikunifurahisha.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya ukaguzi. Sikufua. Nimefagia uwanja, nikaufagia tena.

Amerudi jioni na lile koti zito la lindo begani. Sikuhitaji kuuliza. Akakaa, akanisimulia mwenyewe, bila hasira. Magazini ya kwanza ilitema risasi tatu ikakwama. Ya pili haikutema hata moja. Msimamizi akazifungua akakuta uji mweusi ndani, mafuta na vumbi vimegandana, springi inajikokota. Halafu ikaonekana moja iliyosahaulika juu ya kabati. Imejaa risasi, haijaguswa tangu enzi za mtunzaji aliyepita. Wakaifuta, wakaipiga. Ikamaliza risasi zote bila kigugumizi.

Hapo akaenda kunawa. Lililobaki nimeambiwa na mkwe wangu, kwa sauti ya chini. Msimamizi aliuliza, mbele ya walinzi wote, ni mjinga gani aliyetoa ushauri ule. Mwanangu akajibu, "Ni mimi mwenyewe, bosi. Hakuna mwingine."

Hakunitaja. Mtu mwenye ndevu zake, mbele ya wenzake, akakubali kuitwa mjinga. Alipotoka kunawa nilitaka kumwambia neno. Nikaishia kumwambia avae soksi mbilimbili.

Jumamosi, 15 Machi

Kinyozi amesikia. Nilijiandaa kwa kicheko chake, nikapita mbele ya duka kichwa juu. Hakucheka. Alinipa kiti. Ni afadhali angecheka.

Akasema ameongea na msimamizi, waliwahi kuwa kambi moja. Si mtu mbaya. Mwanangu akikaa getini miezi mitatu bila kosa, hata kosa dogo, atarudishiwa stoo. Nikamshukuru. Nilishukuru kwa kifupi, lakini nilishukuru.

Njiani nikaifikiria ile magazini ya juu ya kabati. Imekaa peke yake, gizani, hakuna wa kuisumbua. Sasa kama huko si kupumzika, ni nini? Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Zetu tulizipumzisha vibaya tu, kwa fujo nyingi.

Sikumrudia kinyozi kumweleza. Ana wateja.

Jumatatu, 17 Machi

Leo ndiyo zamu ya kwanza getini. Mkwe wangu amepiga koti pasi, kana kwamba baridi huangalia mikunjo. Mimi nimeandaa soksi. Kila mtu ndani ya nyumba hii anatembea polepole, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema usiku mwema.

Mwanangu alipokuwa anaoga nikaiona tochi yake mezani. Ile ndefu ya bati. Msimamizi amewaambia, mlinzi asiyemulika gari linaloingia amefanya kosa. Nikaifungua kitako nione kama ni nzima. Ndani kuna springi! Imebanwa na betri mchana na usiku, na hakuna aliyewahi kuionea huruma. Nikatoa betri ili ijinyooshe hata kidogo, kabla ya kazi. Nikafunga kitako kisipotee.

Akatoka kuoga. Akavaa. Akakohoa mara moja, tukajifanya hatukusikia. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mwanangu, usiku huu usifanye kosa." Akacheka, akasema sawa mama. Akabeba tochi yake akaenda. Nimesimama mlangoni mpaka giza likammeza.

Sasa nimekaa, na kuna kitu kinanichoma ubavuni. Nimetia mkono mfukoni. Betri. Zote tatu.

Basi. Walau springi yake itapumzika usiku kucha.