Kidonge cha Tangi

Mwenye Mkate alimgombeza dereva wake kwa sauti ya chini, na hilo ndilo lililomfanya Daktari anyanyue kichwa. Kwa uzoefu wake, watu wanaogomba kwa kelele huwa wameshaizoea hasara yao. Wanaogomba kwa sauti ya chini ndio wanaotafuta dawa.

Alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, kwenye kiti cha plastiki kando ya mashine ya kujazia matairi upepo, katika kituo cha mafuta chenye pampu nne. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kabla ya saa tatu Daktari hakuwahi kuonekana nje, maana aliamini usingizi wa asubuhi ndio unaoipa sura ya mtu uaminifu. Alivaa koti jeupe la maabara na mfukoni alichomeka kalamu mbili, moja ikiwa haina wino. Hakuwa daktari wa watu wala wa mifugo. Alikuwa Daktari wa Mafuta, cheo alichojitunuku mwenyewe bila sherehe.

Dawa yake ilikuwa kidonge cha buluu, kidogo kama punje ya hindi. Kimoja kwa tangi moja, na mafuta yangekwenda mbali zaidi. Kilitengenezwa kwa nta ya mshumaa, rangi ya keki, na kafuri kidogo kwa ajili ya harufu, kwa kuwa watu hawaamini dawa isiyonuka.

Lakini ufundi wenyewe haukuwa kwenye kidonge. Ulikuwa kwenye masharti. Kila mnunuzi alipewa karatasi yenye masharti saba: apime upepo wa matairi kila Jumatatu gari likiwa halijatembea, atoe kwenye buti kila kisichohitajika, asikanyage mafuta wala breki kwa ghafla, asiache injini ikiunguruma akiwa amesimama, asipite mwendo wa themanini, asafishe chujio la hewa, na atie mafuta ya aina iliyoandikwa na waliotengeneza gari, asidanganyike kwamba ya bei ya juu yana nguvu zaidi. Daktari aliyapata kwenye kitabu cha gari kilichosahauliwa pale kwenye mashine ya upepo, na aliyachagua kwa sababu moja tu: yalikuwa ya kuchosha. Mteja aliyerudi akilalamika aliulizwa sharti moja baada ya jingine, kwa upole, kalamu ikiwa tayari. Hakuna aliyewahi kufaulu mtihani ule. Wengi waliomba radhi. Wengine walinunua kidonge cha pili.

Hata hivyo Daktari hakuwa mtu wa raha siku zile. Miezi mitatu nyuma mkewe alikuwa amefunga mzigo wake na kurudi kwa mama yake. Mwanamke yule alizaliwa kwenye nyumba ya madereva wa lori, kaka zake wawili wote ni wa barabarani, na alichoka kuulizwa kila sikukuu mbona mume mtaalamu wa magari anakuja kwa miguu. Hakupiga kelele alipoondoka. Alisema tu kwamba maneno amepanda vya kutosha, na siku mumewe atakapomfuata kwa gari lake mwenyewe, lisilo la kuazima, atapanda hilo. Daktari alimpenda mkewe. Hilo ni jambo moja ambalo hakuwahi kulidanganya.

Basi alinyoosha koti lake, akamsogelea Mwenye Mkate.

"Mama, shikamoo. Dereva usimlaumu. Mgonjwa ni tangi."

Mwenye Mkate alimtazama kuanzia viatu hadi kalamu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye unga kwenye nyusi na magari matatu ya kusambazia mikate. Akaitikia salamu, akauliza kidonge kinafanyaje kazi. Daktari akaeleza habari za chembe za mafuta zinazolala na chembe zinazoamka, maelezo ambayo yeye mwenyewe aliyapenda sana na kila mara aliyaongezea kidogo. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, akaomba karatasi ya masharti, akaisoma mara mbili palepale akiwa amesimama. Kisha akanunua vidonge viwili.

"Na magari ni matatu," Daktari alimkumbusha.

"Najua idadi ya magari yangu, baba."

Wiki mbili baadaye alirudi. Daktari alipomwona akishuka, alitoa kalamu na kuanza mtihani kabla hajaulizwa chochote. Upepo wa matairi? Umepimwa, Jumatatu zote mbili. Buti? Tupu, hata kreti zilizovunjika zimeshushwa. Kuunguruma bure? Injini inazimwa kila dukani. Chujio la hewa? Jipya. Alipofika sharti la saba aligeuza karatasi kutafuta la nane. Hakuwahi kuona mtu aliyefaulu, na hakuwa ameandaa la kusema baada ya hapo.

"Sasa, Mama," alisema mwishowe, "tatizo liko wapi?"

"Sijasema kuna tatizo. Tangi lililokuwa likiisha siku ya nne linafika siku ya tano."

Daktari alikaribia kuuliza, "Kweli?" Akajizuia, akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za mwanawe kufaulu shule.

Mwenye Mkate alitaka kununua siri yenyewe ya kidonge, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba Daktari hatakiuza tena mjini. Walikwenda kuzungumza uani kwake, nyuma ya tanuri, na huko ndiko Daktari alikoliona gari. Lilikuwa dogo, la kijani, limeegeshwa kivulini, rangi yake ikiwa nzima na viti havijachanika. Moyo wake ukawasha taa. Aliposema hataki fedha, anataka lile, Mwenye Mkate hakubisha. Alisema ni zima, linatembea, linakaa bure tu kwa sababu madereva wake wanalikosea.

Daktari alilikagua. Alipiga tairi teke. Alifungua boneti akachungulia ndani kwa muda mrefu, kama mtu aliyedondosha kitu kisimani. Ukweli ni kwamba katika maisha yake alikuwa ametibu magari mia nne na hakuwahi kumiliki hata moja.

"Mashine hii," alisema, akafunga boneti.

Mwenye Mkate alimtazama kitambo. "Kuhusu mafuta yake, Daktari—"

"Mama, unamwambia nani?"

"Haya. Nisimfundishe daktari."

Wakaandikiana. Daktari akamnong'oneza siri: nta, kafuri, rangi. Mwenye Mkate aliandika yote matatu bila kupandisha unyusi hata mmoja, jambo lililomuudhi Daktari kidogo, maana alikuwa amejiandaa kuitetea.

Siku ya Jumapili aliliosha gari mpaka likajiona. Alivaa shati la harusi yake, akaendesha polepole hadi kwenye kituo cha mafuta, mahali ambapo kwa mara ya kwanza aliingia akiwa amekaa. Mhudumu wa pampu, kijana wa watu aliyesikiliza mihadhara yake kwa mwaka mzima, alimpongeza na kumuuliza amtilie nini.

"Ile ya juu kabisa," alisema Daktari. "Ile ya gharama. Mke wangu atapanda humu."

Mhudumu akafungua kifuniko cha tangi. Ndani yake palikuwa na kibandiko, kimechakaa lakini kinasomeka: DIZELI TU. Alifungua mdomo. Kisha akakumbuka chembe zinazolala na chembe zinazoamka, akawaza kwamba huenda wataalamu wana njia zao, akaufunga mdomo na kujaza petroli mpaka pampu ikajikata.

Gari lilikwenda vizuri kwa dizeli iliyokuwa imebaki kwenye mabomba. Daktari aliimba. Nje ya mji injini ikaanza kugonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango wa bati. Akaongeza mwendo, akidhani ni deni la muda mrefu la kukaa kivulini. Ilikohoa moshi mweupe, ikatetemeka, na hatua mia mbili tu kabla ya lango la mama mkwe wake ikanyamaza kabisa.

Mashemeji wawili walikuwa barazani. Walikuja bila kuitwa, wakasukuma, mmoja huku na mmoja kule, na Daktari akaingia uani kwa mkwewe ameshika usukani na uso wa mtu anayehudhuria msiba wake mwenyewe. Mkewe alisimama mlangoni na mama yake. Hakucheka. Alilitazama gari, akamtazama mumewe, na kwa kitambo kidogo Daktari aliona kwamba alikuwa amefurahi kumwona, jambo lililofanya yaliyofuata yaume zaidi.

Shemeji mkubwa alifungua kifuniko, akanusa, akasoma kibandiko. Akamwita mdogo wake naye asome.

"Shemeji," alisema kwa heshima kubwa, "umelinywesha petroli gari la dizeli."

Hapo waliketi chini, wote wawili, wakashika mbavu. Mama mkwe aliuliza kuna nini, akaelezwa, akaingia ndani upesi na mtandio mdomoni. Ni mke peke yake aliyebaki na sura yake.

"Si wewe ndiye Daktari wa Mafuta?"

"Ndimi."

"Na hujui gari lako linakunywa nini."

Daktari alianza habari za chembe zinazolala, akaishia katikati. Shemeji mkubwa alipofuta machozi alihesabu matengenezo: tangi limwagwe, mabomba yasafishwe, pampu ya dizeli na nozeli vifunguliwe na huenda vibadilishwe. Kila alipotaja kifaa, mkewe alirudi nyuma hatua moja kuelekea ndani.

Ndipo gari la mikate lilipoingia. Mhudumu wa pampu, dhamiri ikiwa imemsumbua, alikuwa amemweleza Mwenye Mkate habari ya ile petroli alipopita kujaza, na mama yule hakuhitaji kuuliza sana ili kujua njia ya ukweni. Alisalimia wenyeji mmoja mmoja, kisha akamvuta Daktari pembeni, karibu na tenki la maji.

Alimwambia kwamba alijua kidonge ni nta kabla hajanong'onezwa. Gari la kwanza alilitia kidonge, dereva hakupewa masharti. Halikuokoa hata kikombe. Gari la pili lilipewa masharti bila kidonge. Dereva aliyafuata siku mbili, siku ya tatu akasema mama ameanza ubahili wake, akaacha. Gari la tatu lilipewa vyote. Dereva wake hakukiuka hata sharti moja, kwa kuogopa kuiharibu dawa.

"Miaka sita nawaomba wapime matairi," alisema. "Sita. Kidonge chako kikaweza kwa wiki moja."

"Basi si umeshakinunua, Mama?"

"Nimekinunua. Nikakipika mwenyewe, nikawagawia Alhamisi. Wakacheka, wakasema mama kapika mishumaa. Ijumaa wanakimbizana barabarani." Alipumua. "Nilinunua dawa nikamwacha mganga."

Akaweka shauri lake mezani. Yeye angelipeleka gari gereji na kulitengeneza lote. Daktari angekuja kiwandani na koti lake jeupe, kila siku, saa kumi na moja alfajiri kabla mikate haijatoka, agawe vidonge, akague matairi, asomeshe masharti. Kazi ya mkataba, mshahara mwisho wa mwezi.

Daktari alijivuta juu. Alisema kwa utulivu kwamba anamshukuru, ila yeye ni mtu huru, hajawahi kuajiriwa, na saa kumi na moja ni saa ya majogoo na wenye homa. Huenda angeendelea, maana sauti ilikuwa imeanza kumrudia, lakini mkewe alikuwa amesogea hadi nyuma ya tenki.

"Ni kazi ya kila siku?" alimuuliza Mwenye Mkate.

"Kila siku, mwanangu."

"Na akichelewa?"

"Anakatwa."

Mke aliingia ndani. Walimsikia akivuta sanduku kutoka uvunguni. Alipotoka alimkabidhi kaka yake alipakie kwenye gari la mikate, akambusu mama yake, akapanda mbele.

"Nilisema nitapanda gari lako," alimwambia mumewe kupitia dirishani. "Hilo likipona nitalipanda. Leo napanda hili, maana hili lina kazi. Unakuja au huji?"

Daktari alitazama lango, barabara, gari la kijani lililokuwa likidondosha matone ya petroli ya gharama. Akapanda nyuma, katikati ya kreti.

Ndivyo mtu aliyeuza hewa kwa miaka alivyojikuta kila alfajiri akipima hewa kwa kipimo cha kweli. Mkewe alimwamsha saa kumi, bila ukatili, kwa kufungua dirisha. Madereva walipanga foleni, wakapokea vidonge kwa mikono miwili, wakakariri masharti kama watoto wa madrasa. Matumizi ya mafuta yalipungua. Mwenye Mkate aliongeza gari la nne.

Mwezi wa pili Daktari aliona njia moja tu ya kutoka. Hakuwahi kuijaribu maishani, lakini alikuwa na usingizi, na mwenye usingizi hujaribu lolote. Aliamua kusema kweli. Akiisha kusema, waamini kwamba wametapeliwa, wamfukuze, na yeye arudi kitandani, tena akiwa na dhamiri safi.

Alisimama mbele yao na koti lake. Akawaambia kidonge ni nta ya mshumaa na rangi ya keki. Hakina nguvu yoyote. Chembe hazilali wala haziamki. Kinachookoa mafuta ni kukanyaga taratibu na kupima matairi, basi.

Madereva wakatazamana. Yule mzee wao, aliyeendesha miaka ishirini, akaachia tabasamu la mtu aliyemnasa mwenzake.

"Daktari, na sisi si watoto," alisema. "Umepata mnunuzi mkubwa, unataka sisi tukiache kidonge ili umpelekee yeye."

Wenzake wakaguna kukubali. Asubuhi ile kila mmoja aliomba viwili.